Kompyuta ya Nne, Kangeta

Dada Wanja,

Kangeta kuna baridi mbaya, lakini nduma zao ni tamu kuliko zetu za Embu.

Ofisi ya wauzaji miraa inatumia programu mbili za bure, ya zamani na mpya, zote za kugawia kompyuta kazi. Zinagongana, ndiyo maana nikaitwa nitoe ya zamani. Kila moja huuliza kila kompyuta, "Uko hai?" Mpya hujibiwa na tatu, ndizo zilizo mezani. Ya zamani hujibiwa na nne.

"Ya nne iko wapi?" nikauliza.

Karani Karimi akaonyesha dirishani. "Ilichomwa na radi, tukaizika pale shambani."

Nikatoka. Ukungu ulikuwa umelowesha shamba lote, ila pale udongo ulikuwa mkavu, na paka wa ofisi amelala juu yake akiota joto.

Programu ya zamani sijaigusa. Nikumbatilie watoto, na mniombee.

Kaka yako, Njeru