Nyangoma Alisema Wawili

Bunia, Mbunya
Jumapili baada ya ibada

Basi ile sahani yangu usiifungie kabatini, Kambale wangu. Najua ni mimi niliyekuandikia uifunge isije ikavunjwa na wageni, lakini nimebadili neno. Iweke mezani kila jioni kando ya yako, hata kama haina kitu ndani. Sababu utaiona.

U hali gani, mume wangu? Kifua kimepona, au vumbi la mbao bado linakukohoza? Mimi mwili ni mzima. Ni moyo tu. Njiani kwenda shule kuna karakana ya maseremala, na kila asubuhi ninasimama pale ninuse mbao mpya, mpaka mafundi wananiuliza, "Madamu, unatafuta kitanda?" Ninawaambia kitanda ninacho, bwana wangu alinitengenezea kwa mikono yake, kiko Mambasa. Wanacheka sana. Harusi yetu haijapoa na mimi tayari niko mbali, waniache nijisifu.

Lakini leo sikuandikii mapenzi tu. Nimemvunja mtoto moyo. Hajarudi shuleni tangu siku hiyo, na sina raha.

Unajua tulivyoletwa huku tujifunze kufundisha hesabu na Kiingereza katika madarasa ya chini. Mkufunzi wetu, mzee mwenye koti la abakosti lililopigwa pasi hata siku ya mvua, hataki mtoto aimbe namba kama kasuku. Anasema namba ianze mkononi: mawe, mbegu za mahindi, vizibo vya chupa, na mwishowe watoto wenyewe wasimame mbele ya tablo, ubaoni pale, wahesabiwe, mmoja akae, waliobaki wahesabiwe tena. Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza. Njia hiyo niliipenda. Zamu yangu ya kufundisha mbele ya wenzangu ilipofika, niliona nina bahati, maana darasani mlikuwa na msichana anayeitwa Nyangoma. Huku Wahema wanampa jina hilo mmoja wa mapasa, na pacha mwenzake anaitwa Nyakato. Nikafikiri, hawa Mungu mwenyewe amekwisha kuwahesabu, nitafute mawe ya nini?

Nikamwita mbele.

"Nyangoma, mapasa kwenu muko wangapi?"

"Tuko wawili, Madamu."

"Kwa Kiingereza?"

"Two." Alisema vizuri, kidevu juu.

"Nyakato akienda mutoni, nyumbani munabaki wangapi?"

"Wawili."

Wenzake waliinamisha vichwa. Mimi nikadhani wanangoja nitakavyomsahihisha. Nikamshika bega, nikatumia ile sauti ya upole tuliyofundishwa: "Hapana, Nyangoma. Nyakato hayuko. Uko mmoja. Sema: one."

Kidevu kikashuka. Akasema. Kisha akarudi mahali pake akalaza kichwa juu ya dawati.

Mkufunzi alinisifu mbele ya wote. "Mutoto alikosea, mwalimu hakukasirika, alimurudisha polepole. Leso safi, somo safi kabisa." Nilitamani uwepo unisikie nikisifiwa. Nilikuwa bado natabasamu wakati Kahwa, rafiki yangu wa kozi, mzaliwa wa hapa, aliponivuta nyuma ya darasa.

"Masika, weye umefanya nini?"

"Nimefanya leso."

"Nyakato aliruka wakati wa surua. Kwetu pasa hafi, anaruka. Hatumulilie, hatumutoe mu hesabu. Mama yao akiulizwa, iko na wawili. Na weye umemusimamisha mutoto mbele ya watu aseme iko mmoja."

"Mbona hamukunizuia?"

"Tungesema nini, na mukufunzi ameshika kalamu?"

Tangu kesho yake kiti cha Nyangoma kiko wazi. Jana Kahwa alinipeleka kwao, nyuma ya soko. Mama Mapasa alitukaribisha bila ukali, na hilo liliniumiza zaidi. Ulikuwa wakati wa kula. Alipakua bugali na sombe ya majani ya muhogo katika sahani mbili zinazofanana. Moja alimpa Nyangoma, nyingine akaiweka kando yake, na chakula kidogo ndani. Nyangoma alikula akinigeuzia mgongo. Kambale, nilizikumbuka sahani zetu mbili za bluu, nikaanza kulia.

"Usilie hapa, Madamu," mama alisema upesi. "Kwa mapasa hatulie. Ukilia unamufukuza."

Nikameza machozi kama kwinini. Naye akaniuliza, "Weye uko na bwana?"

"Niko naye, mama. Iko Mambasa. Tumeoana juzi tu."

"Na huku unalala peke yako."

"Ndiyo."

"Sasa watu wakikuuliza, unasema uko mmoja?"

Kahwa akanijibia: "Huyu? Kutwa ni Kambale, Kambale. Siye tumechoka naye."

Mama akacheka. Nikaona mabega ya Nyangoma yakitikisika kidogo, sijui kama ni kicheko.

Mlangoni nilimwomba anionyeshe namna ya kulirudisha lile neno. Akasema neno linalotenga mapasa haliondolewi na mtu mmoja. Aliyelisema anakuja na mwenzake, wawili mlangoni, na kuku wawili wa rangi moja. Wanawasalimu watoto kwa majina yote mawili, kisha wote wanakula pamoja.

"Ukuje na bwana," alisema. "Mimi simukatazi masomo. Yeye mwenyewe anakataa. Anasema kule wanamuhesabu vibaya."

Wanamhesabu vibaya. Maneno hayo nimekaa nayo kanisani leo, wimbo haukutoka. Nilikuja kujifunza kufundisha hesabu, mume wangu, na mtoto aliyeipenda kuliko wote ndiye niliyemfukuza. Direkteri wa shule amesema mwezi ukiisha kiti hicho atapewa mtoto mwingine, wanaongoja ni wengi.

Ndiyo maana sitangoja likizo. Ningekuita kwa barua, lakini nakujua: ungeniambia viti vya kanisa havijaisha, halafu baba mdogo Paluku angekutafutia sababu nyingine. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Mkufunzi ameniruhusu, nilipomweleza leo nje ya kanisa alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Nenda umulete."

Msalimie sana mama mkwe, umwombe anichagulie kuku wawili weupe, hata mmoja asiwe na doa. Msalimie dada yako Kavira, na baba mdogo Paluku umwambie viti vitangoja. Mama yangu mzazi akipita sokoni usimweleze habari hii, atalia, nami nimekatazwa kilio.

Kuna kamyo inayoleta mbao hapa na kurudi Mambasa na maharagwe. Dereva ameniahidi nafasi. Kabla mwezi haujaisha utaisikia ikisimama njia panda, na atakayeshuka na vumbi kichwa kizima ni mimi. Sahani zote mbili nizikute mezani, na wewe uwe umekwisha kufunga mzigo.

Mke wako,
Masika