Misa ya Kumwombea Nyamwiza

Lumemo, Ifakara
Jumapili alasiri

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba Mama amekukataza kupanda darini kutafuta makaratasi yako. Mimi mwili wangu ni mzima. Malaria ilinishika ikaniachia, mvua zimezidi, mto umemwaga maji hadi uwanja wa shule na watoto wanakuja wameshika viatu mkononi. Ukiniuliza hali ya moyo, hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike.

Shangazi amenipa ujumbe wako kwa simu: mwezi ujao ukoo utazika mgomba kwa ajili ya dada Yustina, kama tunavyofanya kwetu kwa mtu aliyepotea na mwili wake usionekane, na mimi niombe ruhusa kazini nije. Baba, siji. Na nakuomba usizike. Soma hadi mwisho kabla hujakasirika. Nakujua, hapo ulipo umeshaanza kuvua miwani.

Nianze na vitabu vyako. Hujui unavyopendwa huku. Sikuwahi kukuambia kwa sababu niliona kichwa chako kinatosha kwa ukubwa kilio nao. Kwa Mama Kulwa, fundi cherehani wa karibu na soko, kuna nakala ya kila kitabu cha Nyamwiza. Siku za wiki anaviazimisha. Jumamosi mtu mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasubiri nguo zao, na wapo ambao hata nguo hawakuleta. Darasani kwangu nina watoto wawili wanaoitwa Nyamwiza, Wapogoro watupu, wazazi wao hawajui Muleba kwetu iko upande gani. Mimi hukaa pale kimya. Jina la kwenye jalada si la ukoo wetu, basi hakuna anayejua kwamba mwandishi ndiye aliyenizaa.

Kitabu cha saba kilisomwa Jumamosi tatu. Ya tatu ndipo Nyamwiza alipoingia mtoni, baba yake akamtafuta siku tisa kwenye matete, akapata kanga tu, wakazika mgomba. Mwalimu mwenzangu Festo ndiye aliyekuwa anasoma, na ilibidi aombe maji. Kisha watu wakalipuka.

"Huyu mwandishi ametuzingua," alisema dereva bodaboda anayeegesha pale. "Vitabu sita tunamlea huyu dada, leo anamtupa mtoni kama dagaa waliooza!"

"Mwili uko wapi?" Mama Kulwa akauliza. "Mimi msiba usio na mwili siupokei."

Mmoja akasema mwandishi amezeeka. Mwingine akaapa kwamba mwandishi alishakufa zamani na siku hizi wanaandika watoto wake. Hapo nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mama Kulwa hakubishana zaidi. Alikichukua kitabu, akaziweka kurasa za sura ya mwisho chini ya sindano, akazishona zote pamoja kwa uzi mweusi, mshono wa kwenda na kurudi. Sasa anayekiazima anaishia pale Nyamwiza bado amesimama ukingoni. "Anayetaka afe, afumue mwenyewe," alisema. Hadi leo hakuna aliyefumua.

Nilicheka nao, Baba, lakini kicheko kiliishia pale. Wao wanamjua Nyamwiza wa kitabuni. Mimi najua alikotoka. Alitoka kwenye daftari la dada, lile la jalada la bluu alilokuwa akilificha chini ya godoro. Akiwa na miaka kumi na tisa kijiji kizima kilisoma kwenye kitabu chako cha kwanza mambo yake ya moyoni, tena yamepangwa vizuri kwa sura, na watu wakaanza kumwita Nyamwiza hadi mlangoni pa kanisa. Hakumaliza mwezi akaondoka. Nyumbani kwetu jambo hili hatujawahi kulitamka. Nalitamka leo.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu, Bibi Makrina. Kusoma hajui, lakini Jumamosi hakosi. Katikati ya wiki alikwenda kwa katekista kutoa nia ya misa, kama wanavyofanya huku wakifiwa. Akataja jina, katekista akaandika. Jumapili iliyopita, kwenye maombi ya waamini, likasomwa: "Tumwombee marehemu Nyamwiza, aliyezama mtoni." Nusu ya kanisa ilikuwa imeshajibu "Ee Bwana, utusikie" ndipo wanakwaya walipoanza kutikisika kwa kicheko. Padre akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Miaka kumi na moja tangu aondoke, Baba, na ndiyo mara ya kwanza nasikia dada yangu akiitwa marehemu kanisani, na watu ninaowapenda wakaitikia.

Tulipotoka nje, mama mmoja mgeni alimshika Bibi Makrina mkono. Anaitwa Mama Benedikta, analima mpunga Lupiro, ng'ambo ya mto; alikuja kumtazama mdogo wake mgonjwa.

"Shikamoo bibi. Huyo Nyamwiza mnayemwombea ni yupi?"

"Marahaba mwanangu. Wa kitabuni. Amezama, maskini."

"Mbona hajazama? Alikuwa anapalia kwangu hadi juzijuzi."

Watu wakacheka. Mimi nilimsogelea nikamuuliza huyo mtu anaitwa nani.

"Kwangu ni Tina. Ila hivyo vitabu alikuwa anasema ni yeye. Sisi tulijua utani."

Nikauliza kama Tina anakula ndizi mbivu kwa chumvi. Mama yule aliacha kucheka. Akanitazama usoni, kutoka paji hadi kidevu. "Na wewe ni nani yake?"

Jumamosi ya jana sikwenda kwa Mama Kulwa. Nilipanda bodaboda nikavuka daraja hadi Lupiro. Dada alikaa pale misimu mitatu, Baba. Mimi nina mwaka wa nne Lumemo. Alikuwa akivuka siku za kazi kuleta mchele sokoni na kuazima vitabu palepale kwa Mama Kulwa, mimi nikiwa darasani. Kile cha sita nilichokisoma mimi, yeye alikuwa amekirudisha wiki hiyohiyo. Nilikaa kwenye kitanda chake cha kamba.

Mama Benedikta alinisimulia huku akipepeta. "Kila kitabu kipya anaanzia nyuma. Nikamwambia, we Tina, utamu wote si unaumaliza? Akasema anaangalia kama kuna mtu ameomba radhi. Hiki cha mwisho alijinunulia chake. Shamba siku hiyo hakwenda. Asubuhi nakuta amefunga mzigo. Namuuliza, na mpunga wako? Akasema, dada, kwetu wameshanizika, wacha niende."

Alipanda lori la kuelekea Mlimba. Wanadhani ameenda Uchindile kwenye mashamba ya miti, hakuna mwenye uhakika.

Kitabu alikiacha juu ya mkeka. Ninacho hapa. Ameandika pembeni sehemu moja tu, pale baba wa Nyamwiza anapotafuta siku tisa kwenye matete. Ni mwandiko wake ule wa kulala kushoto. Nanakili kama ulivyo: "Hakunitafuta. Alikuwa anaandika."

Sikuletei maneno haya nikupige nayo. Mimi pia nimo. Nimekaa kwenye benchi la Mama Kulwa miaka yote hii nikimsikiliza dada yangu akisomwa, na nilifurahia, Mungu anisamehe. Sasa nikiita majina darasani, Nyamwiza wawili wanaitika, nami nasubiri wa tatu. Watoto wameanza kunitazama. Njiani kila mwanamke aliyebeba jembe nampita halafu nageuka.

Baba, waitu, kama tunavyosihi kwetu, usizike. Anasoma kila unachokitoa. Ukizika mgomba, najua utauandika, naye atajua, na hatakuwa tena na sababu ya kufungua ukurasa wa mwisho. Wala usiandike cha nane cha kumfufua. Huku wangekushangilia, Mama Kulwa angefumua nyuzi zake mwenyewe, lakini yeye hatafuti hicho. Shule ikifungwa naenda Uchindile. Njoo twende wote, na fimbo yako na goti lako hilohilo. Ukimwona, usimweleze kitu. Mwombe radhi. Na kalamu iache nyumbani.

Nisalimie Mama sana. Yeye umwambie kwanza habari ya ndizi na chumvi, hayo mengine baadaye, akiwa ameketi. Nisalimie Shangazi aliyenifikishia ujumbe, simlaumu. Kaka mkubwa, ambaye najua ameshachagua mgomba wa kukata, mwambie panga alirudishe jikoni. Watoto wake wote nawasalimu, na yule mchanga ambaye sijamwona.

Ni mimi mwanao, yule ambaye bado unajua alipo,

Deodata