Kwa Senge Loice, Aliyekataa Kuinua Mkono

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Jumapili nilipita Kianda, Kibera, pale kwenye nyumba ya kukodi mliponilea wewe na Anko Zakayo baada ya baba, kaka yako, kunileta Nairobi nisome. Wapangaji wa sasa wamepaka mlango rangi ya kijani. Nilisimama kando ya bomba la maji kwa muda, nikiwakumbuka mkibishana.

Maana mlibishana, Senge, na mlipendana mkibishana. Anko alikuwa amepuliza saksafoni miaka mingi katika bendi kubwa ya dansi, wanaume wa suti za rangi moja, na safu ya tarumbeta nyuma yao. Wewe ulikuwa mwimbaji wao. Ulinisimulia, ukichambua mboga ya mrenda, jinsi kiongozi wa bendi alivyokukataza kuimba kwenye harusi ya dada yako.

"Aliniambia sauti yangu ni mali ya bendi," ukasema. "Nikamuuliza, kwani hii koo ni ya nani?"

Uliondoka kwenye bendi wiki hiyohiyo. Anko alibaki, kwa sababu alipenda kukaa katikati ya wenzake wakipuliza pamoja.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Loice," alikuwa akikuambia.

"Najua. Lakini kila kidole kina ukucha wake."

Nilikuwa nacheka tu. Sikujua kwamba hapo ndipo nilipokuwa nikifundishwa siasa. Ulikuwa ukiniambia, "Watu ndio huunda chama, chama hakiundi mtu. Ukoo ukikuita, enda. Serikali ikikuita, enda. Lakini enda ukijua ni wewe umeamua."

Kisha ukaja uchaguzi. Chama chetu cha watu wa nyumbani, cha kusaidiana na kuzikana, kilikutana Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa, na mwenyekiti akatangaza kwamba sisi watu wa magharibi tumekubaliana kumpigia kura mtu mmoja. Akaomba mikono. Anko akainua wake. Nilikuwa nimeketi kati yenu. Mkono wako ulibaki mapajani.

"Mama Loice, mbona unatuaibisha?" mwenyekiti akauliza.

"Siaibishi mtu. Pengine hata nitampigia huyohuyo. Lakini hiyo ni kazi yangu na karatasi ya kura."

Wakakuondoa chamani siku hiyo. Tulirudi Kibera kwa miguu, na Anko alikubebea mkoba mpaka mlangoni.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa kifua ukamchukua Anko. Mwenyekiti akatuma ujumbe: chama kitamsafirisha Zakayo hadi nyumbani, lakini kwanza mjane asimame mbele ya watu aombe msamaha. Nilikusihi ukubali. Nilikuambia maneno matatu tu yatatosha, kisha tumzike mtu wetu kwa heshima.

Uliendelea kukunja shati lake. "Nikiyasema bila kuyaamini," ukasema, "atakayekuwa amemzika si mimi."

Niliogopa sana, Senge. Nilidhani tutaketi peke yetu kwenye matanga. Ndipo asubuhi moja akaja mpiga tarumbeta wa ile bendi yenu ya zamani, kutoka Riruta Satellite, akiwa na kasha lake chini ya kwapa. Baada yake akaja mpiga ngoma, siku hizo fundi wa viatu kule Laini Saba. Wakawa saba. Hawakuwa na suti za kufanana tena, mmoja hata alikuwa amevaa ndala. Walipiga nje ya mlango wenu, pumzi fupi, wakikosea, na majirani wakajaa. Halafu wanachama nao wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mtu akitoa mchango wake wa safari na kueleza mlangoni, "Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

Siku ya kuondoka na mwili, mwenyekiti alitokea. Alikushika mkono.

"Leo sijaja kama mwenyekiti."

"Basi kaa hapa karibu," ukamwambia, ukasogea kwenye benchi.

Halafu uliimba. Sikuwa nimewahi kukusikia ukiimba na bendi. Ulifumba macho, na wazee wale walipoingia nyuma yako, nilielewa ni kitu gani Anko alishindwa kukiacha. Nawe pia ulikuwa umekikosa miaka yote hiyo, ingawa hukuwahi kulalamika.

Sasa nawe umelala karibu naye, na uchaguzi mwingine unanukia. Mimi naishi Kawangware. Mwezi uliopita chama kiliniomba niwe katibu. Nilikubali, maana napenda kuwa na watu, nimemrithi Anko kwa hilo. Lakini nilisimama mkutanoni nikasema mambo ya kura za nchi yasiletwe pale, na uongozi wetu tuuchague kwa siri. Watu wakaanza kunung'unika.

Yule mwenyekiti, ambaye sasa anatembelea fimbo, alikuwa ameketi nyuma. "Muacheni," akasema. "Huyo ni wa Loice."

Nilitaka kusema asante, Senge. Nikakaa chini, nikalia mbele ya watu wote, na wala sikuona haya.

Pumzika, mama yangu wa pili. Mbishane polepole huko.

Ni mimi,
Binti wa kaka yako