Vipande vya Boga vya Azzam

Al Hail, Maskati
Oktoba 1998

Kwa mpenzi dada yangu Shaikha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba huko Tabora joto limeanza kupungua na mvua ziko njiani. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillah. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Mume wangu Sleiman anakusalimu sana. Mwanangu Atheer, ambaye hujapata kumwona ila kwa picha, anakusalimu pia, na anataka kujua kama ni kweli kwenu kuna treni.

Najua nimezoea kuanza na habari za nani kaoa na nani kazaa. Leo siwezi. Naogopa, Dada. Kijana wa jirani yetu, Ghassan, anasafiri kesho kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko atapanda treni kuja kuwaona wazee wake Tabora. Amekubali kukuletea barua hii pamoja na bati lenye vitafunio vya mtoto. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla mwanao Azzam hajapewa mkate wa jioni. Nilipiga simu dukani kwa jirani yako, nikamwomba aje akuambie kwamba mtoto asipewe mkate. Alicheka, akaniuliza kama nimesahau kuwa nyinyi ndio wenye tanuri la mikate. Sijui kama alikufikishia.

Ni ile picha iliyotufikia juma lililopita, mliyopiga siku mlipopaka tanuri chokaa. Azzam amesimama mlangoni, kanzu imesukumwa mbele na tumbo, na miguu chini yake myembamba hata sikuamini ni ya mtoto wa miaka miwili na nusu. Uliandika kwamba hataki chakula chochote ila mkate, unamchovyea kwenye chai mpaka anashiba, lakini hanenepi. Ukaandika kwamba anaharisha choo cheupe chenye harufu mbaya, na kwamba siku hizi ana hasira, hataki kucheza na wenzake. Uliyaandika hayo katikati ya habari nyingine, na bei ya unga ikafuata. Mimi nilikaa chini sakafuni jikoni, nikashindwa kuendelea kusoma.

Unanijua nilivyo mwoga. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono nipite kwenye kuku. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba Khawla ameanza mambo yake. Lakini yote uliyoandika niliyaona kwa Atheer.

Alipokuwa na miaka mitatu alianza kusinyaa. Uso ukawa wa kizee, tumbo likatangulia mbele. Wakwe zangu walisema ni jicho, nikamsomeshea dua. Wengine wakasema ni mchango wa tumbo, nikamnywesha miti shamba mpaka nikahisi nitamuua kwa uchungu wa dawa. Na kila alipokataa chakula nilimpa kile asichokikataa, yaani mkate. Sisi ni watoto wa mwoka mikate, na kwetu mtoto akila mkate mama yake hulala usingizi. Kadiri nilivyompa ndivyo alivyozidi kwisha. Siku aliyoshindwa kupanda ngazi za barazani nilimbeba mbio mpaka hospitali, kiatu kimoja nimekiacha mlangoni.

Daktari wa watoto alimpitisha mpira mwembamba kooni, akachukua kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Alipotuita akasema ni ngano. Kuna watu, alisema, ambao ngano na shayiri huwachubua utumbo kwa ndani, kisha chakula chote kinapita bila kuwafaa, hata wale sinia zima. Nilimuuliza dawa yake. Akasema dawa ni kuacha, maisha yake yote. Nikamuuliza tena nikidhani sikusikia vizuri. Nilitamani sana anitajie sindano.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani kwangu. Wajua nyumba zetu zilivyo: mgeni akiingia, hata hajakaa, mkono umeshamfikia mtoto, na mkono una biskuti. Ukikataa wewe ndiye mwenye kiburi. Sambusa ni ngano, harisi ni ngano, supu nayo imetiwa unga. Hata mchele niliuogopa nilipomwona mwenye duka akiuchota kwa kata ileile aliyochotea unga. Nikaacha nafaka zote, mchele, mahindi na mtama, bila kuambiwa na mtu. Maziwa daktari alisema yangoje mpaka utumbo upone, na mayai yalikuwa yanamtoa vipele. Sleiman aliniuliza kwa mzaha kama tutamlisha mawe. Sikucheka. Samaki na viazi alikula, lakini mtoto anataka kitu cha kushika mkononi, atembee nacho wenzake wanapokula keki. Alikuwa anasimama pembeni akiwatazama wakitafuna, na mimi nasimama nyuma yake nikiwatazama wasimpe.

Aliyenisaidia ni wifi yangu Ghadeer, anayesoma Uskochi. Alinisimulia kwenye simu kwamba huko, majani ya miti yanapopukutika na baridi inapokaribia, watu hutia boga na mdalasini katika kila kitu. Mwenzake wa chumbani, asiyegusa nyama wala maziwa wala mayai, hutengeneza vipande vya boga na lozi ambavyo haviingii tanurini kabisa. Nilimwambia hapa Maskati ukiona majani ya mti yanaanguka ujue bomba la kuumwagilia limepasuka. Lakini lile neno la kutoingia tanurini lilinikaa moyoni. Mimi, binti wa mwoka mikate, nikaenda kununua boga.

Sikiliza ninavyofanya, nawe ufanye hivihivi. Boga nalikata vipande vyembamba, navianika juu ya paa chini ya chachi mpaka vikauke na kupinda. Mara ya kwanza nilitia boga lililochemshwa, vikachacha vyote. Boga kavu lisage kwenye kinu. Mbegu zake usitupe, zikaushe uzitwange pia, pamoja na lozi, au karanga kwa huko kwenu, ila karanga zinunue na maganda yake uzimenye mwenyewe. Tende zitoe kokwa, uziponde mpaka zinate. Changanya na mdalasini, tangawizi kavu, karafuu kidogo sana, kungumanga ya ncha ya kisu, chumvi na mafuta ya nazi. Tandaza kwenye sinia lenye karatasi, gandamiza kwa nguvu zako zote, weka mahali pa baridi, kisha kata. Najua utatamani kutia asali ya huko. Haina haja, tende inashika yenyewe. Na kinu kiwe kipya, tafadhali. Kinu chenu kimeshakula unga miaka mingi.

Atheer alionja kwa ncha ya ulimi, akaniangalia kama anayeuliza kama hiki nacho nitamnyang'anya. Kisha akala. Majuma yakapita, mashavu yakaanza kurudi, na asubuhi moja nikamsikia akimkimbiza paka uani. Nililia mpaka Sleiman akadhani kuna msiba.

Sasa nifike kwa Mama. Mama hakuwa amekubali. Alisema ananiona namnyima mtoto, na kwamba yeye hakuzaa mtoto bahili. Kwake nyumba isiyokuwa na mkate ni nyumba ya matanga. Julai mwaka huu Atheer akaanza tena kuharisha, na tumbo likaanza kuvimba. Nilipekua kila kopo. Nilimwaga mdalasini wote nikidhani umechanganywa na kitu. Nikawa naosha mikono mpaka ikapasuka. Halafu alasiri moja nikafungua mlango wa uani, nikamkuta Atheer mapajani kwa Mama, naye Mama anamlisha mkate uliochovywa kwenye chai, na huku anamwimbia.

Dada, nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Niliunyakua ule mkate nikautupa. Atheer akaangua kilio. Mama hakulia wala hakunijibu ukali. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akimlisha Harub.

Wewe unamkumbuka Harub kuliko mimi, maana ulikuwa mkubwa alipofariki. Mimi nakumbuka tumbo la ndugu yetu yule, na nywele zake nyepesi zilizobaki kwenye mto. Nakumbuka kila asubuhi Baba akitoa mkate wa kwanza tanurini, na Mama akiumega ungali moto, akampa Harub kabla yetu sisi sote kwa kuwa yeye ndiye mgonjwa. Tulikuwa tunamwonea wivu. Aliula mpaka asubuhi ya mwisho.

Nilirudi kwa daktari peke yangu, bila kumwambia hata Sleiman. Nilimweleza habari za Harub. Alisema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona, lakini ugonjwa huu unakwenda na damu, na si ajabu kuutafuta kwa ndugu na kwa watoto wa ndugu. Nilikaa kwenye gari bila kuliwasha. Niliazimia Mama asilijue hili maisha yake yote. Utamwambiaje mama kwamba ule mkono wenye huruma ndio uliokuwa ukimmaliza mtoto?

Nami nisingekuandikia, ila sasa ni Azzam. Mtoto yuko mlangoni pa tanuri, Dada, unga uko hewani, kwenye nguo zako, kwenye matandiko yake. Nikifumba macho naona mnampa. Nakusihi umhamishie kwa mama mkwe wako ng'ambo ya barabara, na umpeleke Dar kwa daktari wa watoto. Ghassan ataonana na shemeji, nimempa nauli ya kuwasindikiza. Mwonyeshe daktari karatasi ya Atheer niliyoifunga humu, na umwambie siku uliyomwachisha mkate, maana inabadilisha vipimo. Sleiman ananiambia mimi si daktari, na kweli si daktari. Nikiwa nimekosea, Azzam atakuwa amekosa mkate kwa muda tu, na wewe utanicheka mpaka tuzeeke. Naomba unicheke.

Limebaki moja. Picha ilipofika, Mama ndiye aliyefungua bahasha. Alikwenda nayo dirishani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniomba nimsomee barua yako. Nilipofika pale ulipoandika kwamba kila asubuhi Azzam ndiye anayepewa mkate unaotangulia kutoka tanurini, kama ilivyokuwa nyumbani kwetu, nilijaribu kuruka. Akaniambia nisiruke. Nikasoma. Akaniambia nisome tena.

Jana alasiri nilikuwa natwanga lozi. Mama akaingia jikoni, akavua bangili, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaniomba sinia. Aligandamiza vile vipande kwa vifundo vya vidole, kama alivyokuwa akikanda unga wa Baba. Alipomaliza akafunika kwa karatasi, akaweka kiganja juu yake kama anayepima joto, ingawa hakukuwa na moto wowote. Halafu akaniambia nikuandikie usimpe Azzam ule wa kwanza. Hakutaja mkate. Aliingia chumbani kuswali, na mpaka Isha hakutoka.

Anajua, Dada. Na mimi sijui nimwambie nini.

Msalimie shemeji, umwambie asinikasirikie kwa kumtoa mtoto kwenye tanuri lake. Wabusu watoto wote, na usiache kunijibu kwa mkono wa Ghassan hata kama ni mstari mmoja, kwa maana sitalala vizuri mpaka niuone mwandiko wako. Mwenyezi Mungu atukutanishe tukiwa na afya, na Azzam akikimbia mbele yetu.

Ndani ya bati, vipande vilivyonyooka ni vyangu. Vilivyo chini, vyenye alama za vidole, ni vya bibi yake. Mpe hivyo kwanza.

Mdogo wako akupendaye,
Khawla