Nani Apokee Simu ya Mizigo ya Salamabila?

Mupendwa mushauri, naomba musaada, roho inaniuma. Niko na ajansi ya mizigo hapa Kasongo, motari wangu, vijana wa pikipiki, wanapeleka mpaka Salamabila, na miaka sita simu ilikuwa inapokelewa na mama mudogo Cécilia, mudogo wa marehemu mama yangu, sasa mizigo ikaongezeka, bwana yangu Placide akasikia kwenye semina habari ya sous-traitance, ni kusema unakabidhi kazi fulani kwa kampuni ya nje ikufanyie, basi tukapatia kampuni moja ya Kinshasa orodha ya mizigo na kazi ya kupokea simu, mama mudogo nikamuambia akapumuzike, alikunja kitenge alichokuwa anatandika kwenye kiti akaenda. Wale wa Kinshasa wako na adabu, lakini mashine yao inataka jina kamili, na huku mama anaitwa kwa jina la mutoto wake na muzigo unaandikwa hivyo, basi muzigo wa Mama Fulani hauingii kwenye orodha, na usipoingia hauondoki. Mama Glody wa Salamabila alipiga siku nne akitafuta dawa ya pumu ya mutoto wake, anaambiwa hakuna, kumbe iko hapa kwenye etajeri, rafu yetu ya mizigo. Mutoto alipona kwa neema tu. Placide anasema nikirudi nyuma watatucheka. Nifanye nini?

Mama Estelle

Mama Estelle, pole sana. Hukukosea kutafuta msaada, kazi ilikuzidi. Umekosea kuchagua kazi ya kutoa. Sous-traitance si ya namna moja. Kuna kazi za nyuma ambazo mteja hazioni, kama kunakili orodha na kutuma ujumbe: hizo mpe yeyote, awe Kinshasa, awe nchi jirani, awe Ulaya. Kuna kazi za mbele, pale mteja anaposikia sauti. Hizo zikikushinda, zitoe karibu, kwa mtu anayemjua Mama Glody.

Placide mwambie acheke yeye kwanza, kisha arudishe simu Kasongo. Wewe nenda leo kwa mama mdogo, kwa miguu yako, usitume motari. Umwombe msamaha, na akikubali kurudi, mpe msaidizi amfundishe majina ya watu.

Mimi nilipiga namba ya ajansi yako Jumatatu, nikuulize kama mama yako mdogo angali Kasongo. Nikaomba niongee na Mama Estelle. Binti wa Kinshasa aliyepokea alitafuta kwenye orodha kwa adabu kweli, kisha akanijibu: “Samahani mama, hapa hatuna mtu wa jina hilo.”