Komputa Imegoma Kuamka na Hina ni Jumatano

Wewe Said, mtu mzima na ndevu zako, nani alokwambia kila kinachougua ndani ya nyumba hii kipelekwe dukani? Mama yako akiumwa mguu nawe utampeleka kwa fundi akamfute, arudi kama mpya? Toa mkono wako kwenye komputa yangu. Nimekwambia kwa mdomo hukusikia, sasa nnakuandikia, na walimwengu wasome.

Jumatatu. Hapa mtaani kwetu Ansab leo hewa nzito kama taulo bichi. Eisi inanguruma toka alfajiri na vioo vya dirisha vinatoa jasho kwa nje. Na mie natoa jasho kwa ndani, wala si la joto, ni la hii komputa.

Nieleze nilivyoona, maana kufahamu sijafahamu.

Jana asubuhi nimeiwasha kama siku zote. Badala ya kuniletea ile picha yangu ya mawaridi, imeleta kioo cheusi na mstari mmoja wa maneno meupe ya kizungu. Juu yake vidoti vinazunguka, vinazunguka, utasema vinatufu kama mahujaji. Nikapiga picha kwa simu nikampelekea mjukuu wangu Thuraya, binti yake huyo Said, anayefanya kazi afisini huko Rusayl. Akanijibu kwamba komputa inakagua diski zake, yaani yale makabati yake inamoweka vitu, ione kama kuna palipoharibika. Akasema, "Bibi, iache imalize. Usiizime katikati, utaiharibu."

Haya. Nikaiacha.

Ikafika asilimia kumi na moja, ikasita. Nimeswali adhuhuri, kumi na moja. Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, kumi na moja. Leo nimeamka, nimeondoa kitambaa nilichoifunika, kumi na moja ile ile, na vidoti vinazunguka bila ya haya.

Sasa huyu ni mgonjwa au ni daktari? Kama inajikagua, mbona haisemi imeona nini? Na kama haikuona kitu, mbona haiondoki? Mtu akiingia chumbani kutafuta sindano, ama atatoka nayo ama atatoka bila. Hajifungii ndani akashinda na kulala.

Mie skuli sikukaa sana. Nasoma msahafu, nasoma Kiswahili, na ukurasa huu wa simuni Thuraya kanifungulia lakini kuandika naandika mwenyewe, mtu asinidharau. Nimelea watoto, nimehama nchi, nimeendesha nyumba. Sijapata kushindwa na kitu ambacho hata mdomo hakina.

Nimeifukiza ubani. Nimeipangusa. Nimeigonga ubavuni, kidogo tu, kama unavyomgonga mtoto aliyepaliwa. Hapana. Jirani kaniambia ni jicho. Jicho litapita wapi? Komputa yangu nimeikinga. Kitambaa chake nimekidarizi kwa mkono wangu, na kwa nyuma nimeitilia kisomo. Hasad haina mlango hapo.

Na msione nnababaikia chuma.

Humo ndani mna video ya hina ya Asya, binti yangu, Mungu amrehemu. Asya katangulia mbele ya haki huku mwanawe, Nasra, hajajua hata kutamka "mama". Nasra nimemlea mie. Alhamisi hii anaolewa. Jumatano ni hina yake, na nimemuahidi jambo moja: tukishafunga milango, wanawake tupu, atamuona mamake akiwa bibi harusi. Atamsikia anasema. Nasra sauti ya mamake haijui. Kanda yenyewe iliota ukungu zamani, ilobaki ni hii ilohamishiwa komputani.

Moja tu. Hakuna nyengine duniani.

Sasa Said anataka kuipeleka dukani Ruwi. Kawapigia simu, wamemwambia huenda wakalazimika kuifuta yote, itarudi safi kama mpya. Nani kataka mpya? Mie nataka ya zamani!

Na hata wasingeifuta, haendi mtu. Hina ile wamo mashoga zangu wote, vichwa wazi, wamejifunga kanga viunoni, wanacheza. Yumo na mmoja, jina simtaji, barabarani alikuwa anaona haya hata kutoa kiganja, na humo ndani utadhani hana mfupa. Walikubali kupigwa picha kwa sababu mpigaji alikuwa mwanamke, nami niliwapa neno langu hapana mwanamme atakayeiona. Wengine wako hai, wengine wameshazikwa na ile amana iko kwangu. Said mwenyewe, ndugu yake Asya, hajawahi kuiona. Leo nimpe fundi?

"Mama, fundi haangalii picha," ananambia.

"Fundi hana macho?"

Kachukua ufunguo wa gari kaondoka kwake Al Amerat, na kanzu yake imekunjamana mgongoni kama aliyelala nayo. Nitamnyooshea nini, ana mke.

Nikabaki peke yangu na kumi na moja. Nitasema kweli: nimelia. Si sana. Kilio cha hasira, hakihesabiwi.

Adhuhuri Thuraya akapata nafasi kazini akanipigia. Nikamwambia, mwanangu, wewe unasema nisiizime, baba yako anasema niizime aipeleke dukani, mmoja wenu ananiua. Akasema tusome yale maneno pamoja, polepole. Kizungu sikijui lakini herufi nazijua, nikamsomea moja moja kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Mwisho wa mstari pana herufi moja imesimama peke yake na vitone viwili.

"Herufi gani hiyo, Bibi?"

"E."

"Una hakika si C? Si D?"

"Thuraya, mie mzee, si kipofu. E."

Akasema, "Bibi, komputa yako ina makabati mawili tu. C na D. Picha zimo kwenye D. E haina."

"Haina vipi, na hii nnaiona?"

"Kwani kuna kitu umekichomeka kwa nyuma?"

"Hakuna kitu. Kuna kisomo tu."

Akacheka mpaka nikasikia wenziwe afisini wanamuuliza kulikoni. Nikamwambia akimaliza kucheka anifahamishe, maana mie sioni pa kuchekea.

Kisomo chenyewe ni kile kijiti, flashi, aloniletea jirani alipotoka umra. Kina Suratul Baqara nzima. Kila asubuhi naisomesha, nyumba inatulia. Nikakichomeka nyuma ya komputa na nikakibandika plasta ya vidonda, watoto wasikichomoe. Ni kweli, siku hizi qari, yule msomaji, akifika pahala alikuwa anakatikakatika. Nikadhani ni kifua chake.

Basi kumbe komputa ikiamka hukagua kila kilichochomekwa, chake na cha mgeni. Kijiti kimeharibika, nayo inataka kukitengeneza kwanza, haiwezi, na kukiacha haikubali. Picha za Asya ziko pembeni, salama, zinangoja. Nimemuuliza Thuraya mara tatu na bado haijaniingia. Watu waalikwe harusini, wapambike, wafike, halafu wote wasimame mlangoni kwa sababu ndara ya mgeni mmoja imekatika ukanda? Akili gani hiyo? Aliyeitengeneza hakuwa na mama wa kumwambia "sogea watu wapite"?

Na msije mkanambia kisomo kimedhuru. Maneno ya Mola hayana ila. Plastiki ndiyo ina ila.

Thuraya akaniambia niibinye swichi, niishikilie mpaka kioo kife. Nikasema Bismillahi nikabinya. Ikazima. Nikabandua plasta, nikachomoa kijiti, nikakitia kabatini pamoja na misahafu. Nikaiwasha.

Mawaridi.

Nilikaa nayatazama yale mawaridi kama sijapata kuona ua. Nikafunga mlango kwa ufunguo, ingawa ndani sina mtu, nikafungua kabati la D.

Asya yupo. Kakaa juu ya mkeka, mikono yote miwili imejaa hina, kaiinua juu kama aliyetekwa. Mashoga zangu wanacheza. Na mie nasikika namgombeza, sauti kubwa, utulie, hina itachafuka. Naye ananiangalia anasema, "Mama, nikune pua. Mama, inaniwasha, nikune."

Ndiyo maneno yake yote humo. Naonekana nnakuja na ncha ya kanga, nnamkuna, na mdomo hausiti kugomba. Naye kafumba macho anacheka.

Nimeizima. Iliyobaki ni ya Nasra.

Basi nisikilizeni. Thuraya, kesho ukitoka kazini uje hapa, uje na diski mpya mbili, uinakili hina ya mamake Nasra mbele ya macho yangu. Moja ya Nasra, moja itakaa kwa misahafu. Na kijiti chengine cha kisomo ununue, tutakisomesha pengine, si kwenye mgongo wa komputa. Said, rudi ule, nimekuwekea pweza, na Jumatano ukae barazani na wanaume wenzio. Asiniulize mtu mbona komputa ilikwama, mie mwenyewe sijui.

Na Jumatano hiyo, Nasra akishapakwa hina mikono yote miwili, pua itamuwasha. Haikosi. Mtu asimguse. Niiteni mie.