Gari Lisilouliza Ufunguo

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Habari za huko na za kazi? Sisi wazima, ila mgongo wangu umekwisha kwa kuinamia boneti. Baba kifua kimemwachia, anakula vizuri. Kumbukumbu ndiyo hivyo hivyo. Jana kaniita kwa jina la marehemu mjomba, nikaitika tu, yakaisha.

Lile gari lake lililokuwa linaozea uani nimelifufua, au niseme nusu. Nimelitia injini ya gari la kisasa zaidi, niliyoinunua kwa yule muuza vyuma chakavu mwenye kengeza, pamoja na kompyuta yake, waya zake na ufunguo wake mmoja. Nataka linibebee mageti ninayochomelea, maana nimechoka kukodi. Sasa taabu yenyewe: nikiwasha, linanguruma kidogo, halafu kimya. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha ya ufunguo, inanikonyeza kama inanijua vile.

Baba kutwa yuko kibarazani anatazama. Kila likizima anacheka: "Hiyo injini haijakujua bado."

Fundi umeme wa magari ni wewe, mimi ni mchomelea mageti. Nisaidie kabla sijalitia kiberiti.

Mdogo wako.


Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Mimi mzima, nashukuru. Kazi nyingi hapa karakana ya malori, mpaka simu tunafungiwa kabatini, kwa hiyo ukinikosa usinune, niandikie ujumbe nitausoma nikitoka.

Baba kasema kweli tupu. Ndani ya kichwa cha ule ufunguo uliopewa kuna kipande kidogo, chipu. Kompyuta ya injini inaitafuta kila unapowasha. Isipoisikia, inakata mafuta, ikidhani wewe ni mwizi. Na kabla ya yote, risiti ya injini unayo? Kama huna, mimi na wewe hatujaandikiana.

Njia safi ni kupeleka kompyuta kwa mwenye mashine aifute hiyo habari ya ufunguo. Njia ya mkato, pasua kichwa cha ufunguo, toa chipu, uibandike kwa utepe kando ya lile duara la waya linalozunguka swichi ya kuwashia. Hapo kompyuta itaisikia siku zote. Lakini nisikilize vizuri. Swichi ya gari la baba imelika, inazungushwa na chochote kile. Ukishabandika chipu, gari halimuulizi tena mtu yeyote ufunguo. Kwa hiyo siku hiyo hiyo weka swichi ya siri kwenye waya wa pampu ya mafuta. Siku hiyo hiyo, sio kesho.

Baba ananitaja? Tangu nimnyang'anye funguo, siku ile alipougonga ukuta wa duka la dawa, akasema hana binti, mwaka wa pili huu nikipiga anakata. Ukimkuta katika hali nzuri, mwambie namsalimu. Naumia, mdogo wangu.

Dada yako.


Tarehe 10 Machi

Dada, shikamoo tena, na shikamoo nyingine ya nyongeza!

Wazima sote, na gari limewaka! Risiti ninayo, usinitie presha. Nimebandika chipu kama ulivyosema, nikazungusha ule ufunguo mzee wa baba ulioniachia, likawaka likatulia. Nilipiga kelele, jirani akadhani nimeungua.

Baba alishuka kibarazani, akaweka kiganja juu ya boneti akasikiliza. Akauliza: "Nani kakufundisha?" Nikamwambia ni wewe, na kwamba unamsalimu. Hakutukana. Aliuliza tu: "Bado yuko kule kule?" Nikasema ndiyo. Akarudi kuketi.

Ile swichi ya pampu nitaiweka Jumamosi, nina geti la watu linanidai. Ufunguo natembea nao mfukoni, ondoa shaka.

Mdogo wako, fundi mpya mjini.


Tarehe 14 Machi

Dada,

Nisamehe sikusalimu. Nimekupigia mpaka simu imekuwa ya moto. Gari halipo. Baba hayupo.

Nilitoka asubuhi kupima geti, narudi naona uani kuna doa la mafuta tu. Ufunguo ninao mfukoni, dada, nimeushika hivi ninavyoandika! Nimesimama pale kama nimemwagiwa maji. Nikasema wameiba, nikaingia ndani kumwambia baba, kitanda kimetandikwa na ile kofia yake ya enzi za udereva wa lori haipo msumarini. Hapo ndipo nilipojua ni yeye.

Simu yake kaiacha mezani. Polisi nimekwenda, wameandika. Swichi sikuiweka. Usinifokee, nimeshajifokea.

Mdogo wako.


Tarehe 14 Machi, jioni

Mdogo wangu,

Ndiyo natoka kazini nasoma. Nimekaa chini sakafuni, sijui hata nianzie wapi. Mimi nilimnyang'anya funguo asije akafa barabarani au akaua mtu, halafu mimi mwenyewe nimekufundisha kutengeneza gari lisilouliza ufunguo!

Piga hospitali zote. Waulize vituo vya mafuta. Alielekea upande gani?

Dada yako.


Tarehe 15 Machi, asubuhi

Dada, bado. Hospitali hayupo. Muuza mkaa wa kona alimwona, anasema alimpungia mkono na indiketa aliwasha kabisa, akaelekea barabara kuu. Anasema alionekana mwenye furaha. Nimelia mbele ya muuza mkaa.

Mdogo wako.


Tarehe 15 Machi, mchana

Mdogo wangu,

Baba yuko hapa. Mzima. Naandika kwa sababu nikipiga nitaishia kulia.

Nilikuwa chini ya lori, nikasikia honi haikomi. Mlinzi akaniambia kuna mzee getini anamtaka msichana wa umeme. Nilitoka nikaona gari la nyumbani, kioo cha pembeni hakipo, ubavu umekwanguliwa wote. Nimeukagua wote kwa vidole, nikitafuta damu. Ni zege tu, kingo za daraja. Hakuna mtu aliyegongwa, tumshukuru Mungu.

Injini ilikuwa ikinguruma, anasema alilala nayo hivyo hivyo kituo cha mafuta, aliogopa kuizima. Kwenye swichi kulikuwa na kijiko cha chai, mpini ndani.

Alinitazama sana. Akasema: "Wewe ndiye uliyenichukulia funguo."

Nikasema ndiyo, baba.

"Njia yote niliijua, kila kona. Huku ndiko nilikoleta lori miaka yote. Lakini darajani, mwanangu, sikujua mguu upi ni wa breki." Akavua kofia. "Nilikuwa nakuja kukugombeza."

Akazungusha kijiko mwenyewe, injini ikazima. Akakichomoa, akakifuta kwa shati, akanipa mkononi.

Nimeomba ruhusa, nakuja naye leo. Wewe unajua kwamba tangu siku ile ya funguo hajakubali kuendeshwa na mtu yeyote, hata kliniki huwa anakwenda kwa miguu. Sasa hivi kazunguka mwenyewe, kakaa upande wa abiria, kofia kaiweka mapajani. Mkanda umemshinda kufunga, ananingoja nimfungie.

Dada yako.